Kutikisa Peke Yake Hakutoshi

Kila mtu wa Kivu, wa Maniema na wa Manono anaijua kasiteriti. Ni jiwe zito, jeusi au la rangi ya kahawia, linalooshwa mtoni ndani ya karai na kubebwa mgongoni toka mashimoni. Walikale, Nyabibwe, Kalima: majina hayo yanatukumbusha mizigo, tena yanatukumbusha vijana waliofunikwa na udongo bila kuwaaga mama zao. Tukiwauliza watoto wa katekisimu kasiteriti inakwenda wapi, wanajibu upesi: "Inakwenda Ulaya, Mwalimu." Tukiwauliza inafanya nini huko, wananyamaza.

Leo tunataka kujibu swali hilo kwa upande mmoja tu. Wengi wanajua kwamba bati hupakwa ndani ya makopo ya chakula ili yasishike kutu, na kwamba huyeyushwa ili kuunganisha nyaya ndani ya redio na simu. Lakini iko kazi nyingine iliyo mpya zaidi. Kasiteriti si bati tupu. Ni bati lililoungana na oksijeni, na wenye elimu ya kemia huiita oksidi ya bati. Oksidi hiyo hiyo, ikitengenezwa katika chembe ndogo kabisa, hupakwa juu ya vioo vya namna mpya vinavyogeuza nuru ya jua kuwa umeme. Hawasagi jiwe letu kwa kazi hiyo. Kwanza hulitoa bati ndani ya jiwe, hulisafisha, huligeuza kuwa chumvi inayoyeyuka majini, halafu hulirudisha kuwa oksidi, chembe kwa chembe. Basi jiwe la babu zetu na ngozi ya kioo kile vina jina moja katika kemia, lakini kati yao pana safari ndefu.

Kijana mmoja wa parokia yetu anayesoma kemia katika chuo kikuu alituletea siku moja vipande viwili vya kioo, kila kimoja kama nusu ya kiganja. Kimoja kilikuwa safi, ungesema hakijapakwa kitu. Cha pili kilikuwa na michirizi mingi, kila mchirizi ukianzia kwenye nukta nyeupe na kukimbilia ukingoni kama mkia wa nyota. "Mwalimu," alisema, "vyote viwili vimepakwa oksidi ya bati, kipimo kimoja, mashine moja. Tofauti ni moja tu: katika hiki cha pili chembe zilishikana kabla ya kupakwa." Tukamwomba atueleze, naye akatueleza jioni nzima. Tangu siku ile tumesoma zaidi, na tumeona kwamba habari hii yafaa kusomwa na wote wanaoishi kati ya watu waliogawanyika.

Udogo wa chembe

Tuanze na kipimo. Chukua milimita 1, uigawe mara milioni moja: kila sehemu ni nanomita 1. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80 000 hivi. Chembe tunazozisema zina nanomita 5, au 10, au 15. Jicho haliwezi kuziona. Hata darubini ya zahanati, inayoonyesha vijidudu vya malaria ndani ya damu, haiwezi kuziona.

Sasa angalieni ajabu hii. Gramu 1 ya oksidi ya bati, ikiwa kipande kimoja, ni ndogo kama punje ya harage, na eneo la ngozi yake ya nje halifiki sentimita 2 za mraba. Gramu ile ile ikiwa chembe za nanomita 10, ukijumlisha ngozi za chembe zote, utapata zaidi ya mita 80 za mraba. Hiyo ni sakafu nzima ya kapela ya kijiji, yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Uzito haukuongezeka hata kidogo. Ngozi ndiyo iliyoongezeka, na ngozi ndiyo inayoshikana.

Maana vitu vyote vikikaribiana sana huvutana kidogo. Mvuto huo umepewa jina la Mholanzi Johannes van der Waals, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1910. Kwa jiwe kubwa mvuto huo si kitu, uzito wake unaushinda. Kwa chembe ya nanomita 10 ni kinyume: uzito si kitu, na mvuto ni mkubwa. Tena chembe hazitulii. Mwaka 1827 Mskoti Robert Brown aliona kwa darubini chembe ndogo sana zikichezacheza majini bila kupumzika, maana maji yenyewe yanazisukuma huku na huku. Basi chembe hugongana kila dakika, na zikigusana bila kizuizi hazitengani tena.

Mama zetu wanaijua shida hii. Ukitupa unga mkavu ndani ya maji yanayochemka, unapata uji wa mabonge: nje pameiva, ndani unga umebaki mkavu. Ndiyo sababu mama mwenye akili huukoroga unga kwanza katika maji ya baridi, polepole, ndipo aumimine sufuriani.

Bonge laini na bonge gumu

Mafundi wa kazi hii wanatenga mabonge ya namna mbili. Bonge laini ni chembe zilizokaribiana tu na kuvutana; kila moja bado ni yenyewe. Bonge gumu ni chembe zilizokauka pamoja au kupita motoni pamoja, hata zikaota shingo kati yao na kuwa mwili mmoja wenye umbo baya. Kwa macho yetu mabonge hayo yanafanana, lakini dawa yake si moja.

Kwa bonge laini hutumia sauti. Huweka chupa ndani ya beseni la maji lenye mashine inayotetemeka zaidi ya mara 20 000 kila sekunde. Sikio la mtu halisikii sauti hiyo, lakini ndani ya maji huzaliwa mapovu madogo sana yanayopasuka kwa nguvu na kuzitenga chembe. Maji yaliyokuwa meupe kama maziwa huanza kung'aa. Mtu asiyejua atashangilia na kusema kazi imekwisha. Akiiacha chupa mezani usiku, asubuhi atakuta tope chini. Chembe zimerudiana. Sauti ilizitenga, lakini haikuzibadilisha. Zimeingia katika mtikiso zikiwa uchi, zimetoka zikiwa uchi.

Kwa bonge gumu, sauti haifai kitu, hata ungetikisa siku 3. Kijana wetu alituambia kwamba wenzake waliwahi kununua unga mkavu kwa sababu ya bei yake ndogo, wakautikisa juma zima, wakapata michirizi tu. Mwisho waliuacha, wakachukua oksidi iliyozaliwa majini na ambayo haijapata kukauka hata mara moja. Wako pia wanaochuja: huyapitisha maji yale kwenye kichujio chenye matundu madogo sana. Kuchuja kunaondoa mabonge, ni kweli, lakini hakuyaponyi. Kama sehemu kubwa ya chembe iko ndani ya mabonge, kichujio kitakuachia maji matupu.

Kuvikwa nguo

Basi siri iko wapi? Iko katika kile ambacho kila chembe imevikwa. Nguo ni za namna mbili.

Nguo ya kwanza ni chaji ya umeme. Oksidi ya bati ikikaa katika maji yenye asili ya majivu, ngozi ya kila chembe hupata chaji hasi. Zenye chaji ya namna moja hufukuzana. Kwa hiyo chembe mbili zikikaribiana, hurudishana kabla ya kugusana. Maji ya oksidi ya bati yanayouzwa kwa kazi hii huwa na potasi kidogo, ile ile iliyomo katika majivu ya maganda ya ndizi ambayo bibi zetu walipikia mboga. Ukitia asidi, yaani kitu kikali kama siki, chaji hufifia, na yote huganda. Hesabu ya mambo hayo ilifanywa na wataalamu wawili wa Urusi ya Kisovieti, Derjaguin na Landau, mwaka 1941, na Waholanzi wawili, Verwey na Overbeek, mwaka 1948.

Chumvi pia ni adui wa nguo hiyo. Chumvi kidogo ikiingia majini, huificha chaji ya kila chembe, hata jirani haisikii tena. Papo hapo mabonge huzaliwa. Ndivyo inavyotokea mahali ambapo mito mikubwa huingia baharini: matope yaliyosafiri mbali ndani ya maji matamu hukutana na chumvi, hushikana na kuzama. (Msifadhaike, ndugu: chumvi ambayo Bwana wetu aliwafananisha nayo wanafunzi wake inahusu mambo mengine.)

Nguo ya pili ni koti. Chembe hupewa nyuzi ndogo zinazoshika ngozi yake upande mmoja na kuelea majini upande wa pili, kama majani yaliyo juu ya kichwa cha nanasi. Koti na koti hazipenyani, basi chembe hazigusani. Jambo hili si geni. Wamisri wa kale walitengeneza wino kwa masizi na gundi ya miti. Masizi peke yake hayakubali maji. Gundi ilikuwa koti lake. Hawakujua neno lolote la kemia, lakini mkono wao ulijua.

Chembe zilizovikwa vizuri zinaweza kudumu sana. Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza huko London majaribio yake ya kutawanya dhahabu majini katika chembe ndogo hata maji yakawa mekundu. Baadhi ya chupa zake bado zinatunzwa katika Royal Institution, na maji yake bado ni mekundu.

Kisahani kinachozunguka

Chembe zikiisha kuvikwa na kutawanywa, kazi ya kupaka ni fupi. Kioo huoshwa kwanza kwa sabuni, kwa maji safi na kwa spiriti, halafu huwekwa chini ya nuru kali isiyoonekana ambayo huunguza mafuta yaliyobaki. Bila hivyo tone litakaa juu ya kioo kama umande juu ya jani la jimbi: limejikunja, halitaki kuenea. Kioo kikiwa safi kweli, tone hulala na kutandaa lenyewe.

Kioo huwekwa juu ya kisahani, nacho hushikwa kwa kunyonya hewa toka chini. Fundi hudondosha maji yale katikati, kisha kisahani huzunguka. Mwaka 2016 wataalamu wa China walitoa habari za kazi yao ya oksidi ya bati, na kipimo chao kimefuatwa na wengi: mizunguko 3 000 kwa dakika, kwa sekunde 30. Hiyo ni mizunguko 50 katika kila sekunde. Sehemu kubwa ya maji hurushwa nje. Inayobaki hukauka na kuwa utando, kama utando ulio juu ya uji uliopoa, lakini mwembamba mara maelfu: nanomita makumi machache tu. Ukiongeza mwendo mara 4, unene hupungua karibu nusu. Tangu mwaka 1958, Emslie, Bonner na Peck walikuwa wameshaeleza kwa hesabu jinsi maji mazito yanavyoenea juu ya kisahani kinachozunguka.

Hapo ndipo bonge linapojulikana. Tuseme utando una nanomita 30, na bonge moja lina nanomita 1 000. Bonge hilo ni kama kichuguu katikati ya uwanja. Maji yanayokimbia kuelekea ukingoni hukigonga, hugawanyika, na nyuma yake hubaki mchirizi mtupu. Ndio ule mkia wa nyota tuliouona. Si hilo bonge tu linaloharibika: kila kitu kilichoko nyuma yake kinakosa sehemu yake.

Halafu kioo huwekwa juu ya bamba la moto, digrii 150, kwa dakika 30. Maji ya mwisho huondoka, na chembe zilizolala sawasawa hushikana sasa kwa haki, jirani na jirani, hata umeme ukaweza kupita. Juu yake hupakwa madini yanayonywa nuru, yaitwayo perovskiti. Mjapani Tsutomu Miyasaka na wenzake ndio walioyatumia hivyo kwanza, mwaka 2009, wakageuza chini ya sehemu 4 katika 100 za nuru kuwa umeme. Leo vioo vidogo vya maabara vinapita sehemu 25 katika 100. Bado vina kasoro: vingi vina risasi ndani yake, na havidumu kama plake za jua tunazozijua sokoni.

Tuangalie mpango wa moto huo. Moto ukizikuta chembe zimerundikana ovyo, unazifanya bonge gumu lisiloponyeka. Moto ule ule ukizikuta zimevikwa, zimetawanywa na kulala kila moja mahali pake, unazifanya utando mmoja.

Nasi je?

Katika parokia yetu wamefika watu waliokimbia vita toka pande nyingi. Kila kundi lilikuja na lugha yake, na wafu wake, na jina la mtu linayemshtaki. Siku ya Dominika ungeweza kuhesabu makundi kwa kuangalia mabenchi tu. Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, ilifanywa siku kuu ya upatanisho: ngoma, nyimbo, maungamo, watu kukumbatiana wakilia. Hatudharau machozi yale, yalikuwa ya kweli. Lakini Dominika ya pili baada ya Pasaka mabenchi yalikuwa vile vile. Ikaja habari ya uongo juu ya shamba moja, neno dogo tu, chumvi ya kijiko kimoja, na vijana wa pande mbili wakaanza kunoa panga.

Padri aliwatuliza, halafu akaamua jambo lisilo na kelele. Kila mkatekumeni atafute msimamizi wake wa ubatizo katika watu wa upande mwingine. Na sisi walimu tuende nyumba kwa nyumba, mtu mmoja mmoja, si kuhutubia kundi. Wengine walikataa, wakatuambia: "Mwalimu, unatuomba tulee nyoka." Mjane mmoja alinyamaza miezi mitatu. Mwisho alikubali kumsimamia msichana wa kabila ambalo analishtaki kwa kifo cha mume wake. Hakutuambia kwamba amesamehe. Alituambia tu kwamba mtoto huyo hana mtu wa kumfundisha Rozari. Sasa wanakaa benchi moja. Hatuwezi kusema kwamba parokia nzima imekuwa hivyo. Mabonge yako, na mengine ni magumu, yamepita motoni. Lakini uongo wa pili ulipokuja, mjane yule na wengine kama yeye waliuzuia mlangoni mwao.

Mababa wa Afrika, waliotuletea Injili katika nchi hizi, walikuwa na sheria ya Kardinali Lavigerie: ukatekumeni wa miaka 4. Wakristu wengi waliona ni mirefu mno. Sisi, tangu tulipojifunza habari za chembe hizi, tunaielewa vizuri zaidi. Mahubiri makali yanatenga watu kwa siku moja. Kumvika mtu mmoja mmoja ni kazi ya miaka. Naye aliyekwisha kuwa bonge gumu, Bwana wetu alimwambia Nikodemu dawa yake: ni kuzaliwa upya kwa maji, kama bati linalorudishwa kuwa chumvi na kuanza tena.

Vijana, ninyi mnaopenda kemia, someni. Jiwe linatoka kwetu. Si sheria ya mbinguni kwamba elimu yake ikae mbali daima. Lakini shikeni pia onyo hili: msivute vumbi la unga mkavu wa namna hii, jifunikeni pua na mdomo, na afadhali kutumia chembe zilizomo majini. Mwaka 2006 wataalamu wa saratani wa ulimwengu waliiweka oksidi ya titani, ndugu ya hii, katika hesabu ya vitu vinavyoweza kudhuru vikivutwa. Wachimbaji wetu nao wanajua vumbi linafanya nini kifuani.

Nanyi wazazi, wasimamizi, wazee wa jumuiya: msingoje siku kuu ijayo ya kutikisa watu. Shikeni mmoja leo. Siku ya Pentekoste moto ulishuka juu ya watu waliokuwa wamekaa pamoja katika sala, ukakaa juu ya kila mmoja wao, na kila taifa likasikia katika lugha yake. Tumwombe Roho Mtakatifu atukute sisi pia tumejiweka tayari hivyo, moto wake ukija.